Mvua ya Mawe, Cessna Moja na Watu wa Bima: Niliyoyaona Texas

Mtu aliyelelewa Kericho haogopi mvua ya mawe. Anaiheshimu, basi. Nyanda za Kericho na Nandi ni kati ya sehemu za dunia ambako mawe huanguka mara nyingi zaidi kwa mwaka: upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima, hukutana na upepo wa mashariki, na ikifika alasiri mawingu yamesimama wima. Utotoni wazee walitusimulia kwamba miaka ya 1960 makampuni ya chai yalikodi ndege zikawa zinaruka chini ya mawingu hayo na kupuliza moshi wa iodidi ya fedha, ili mawe yasikomae. Nilikua nikijua kwamba ndege ndiyo huishambulia mvua ya mawe. Kwamba mvua ya mawe nayo huweza kulipa kisasi, hilo nililijua Texas.

Mimi na mwenzangu, Mtanzania wa Moshi, tunamiliki kwa ubia Cessna 172 ya miaka ya 1970. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, yeye anaendesha malori. Nazitaja kazi zetu kwa sababu nyumbani wakisikia fulani ana ndege Marekani, kadi za michango ya harusi huanza kumiminika. Cessna 172 zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu 1956, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyofikia wingi huo. Tulipoinunua, yetu ilikuwa na bei ya chini kuliko pikapu mpya. Tena sehemu ya fedha tulikopa benki, jambo ambalo lilikuja kujitokeza baadaye.

Kiwanja chetu cha ndege ni kidogo, kaskazini mwa Fort Worth. Mahanga, yaani mabanda ya kulaza ndege, yamejaa, na orodha ya wanaongoja nafasi haisogei mpaka mtu afe au auze ndege. Kwa hiyo yetu hulala nje, imefungwa kamba tatu: mbili kwenye mabawa, moja mkiani.

Huku msimu wa mawe ni kuanzia Machi hadi Juni, na mawe yenyewe si yale ya kutoboa majani ya chai. Tarehe 5 Mei 1995 yaliwakuta watu kwenye tamasha la Mayfest mjini Fort Worth, na hasara ya dhoruba ile ikapita dola bilioni 1. Tarehe 28 Aprili 2021, huko Hondo karibu na San Antonio, liliokotwa jiwe lenye upana wa zaidi ya sentimita 16. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huihesabu dhoruba kuwa kali mawe yanapofika inchi 1, yaani sentimita 2 na nusu. Yaliyotuangukia sisi yalikaribia mpira wa gofu. Nilikuwa kazini, yalianza na kukoma kabla sijamaliza kumbadilishia mgonjwa dripu.

Mwenzangu ndiye aliyefika kiwanjani kwanza. Akanipigia: "Kaka, tumepona. Kioo cha mbele kizima, boneti ina vibonyeo viwili vitatu tu."

Alikuwa amesimama chini. Cessna ya aina yetu ina bawa juu ya kichwa cha rubani, na mawe hupiga kutoka juu, kwa hiyo uharibifu wote uko mahali usipopaona bila ngazi. Fundi wetu, mzee mmoja Mmarekani ambaye ametengeneza ndege tangu ujana wake, alipanda na tochi alfajiri. Aliiweka tochi ikilala karibu na bati, mwanga ukipita juujuu, na kila kibonyeo kikatoa kivuli chake. Sehemu ya juu ya mabawa yote mawili ilikuwa imejaa. Eleveta pia, yaani vile vipande vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua ya ndege. Eleroni za mabawani, zinazoinamisha ndege kushoto na kulia, zilikuwa na afadhali kidogo. Kioo cha nyuma, kilicholala kuelekea angani, kilikuwa na ufa, na vifuniko vya plastiki vya ncha za mabawa vilikuwa vimepasuka. Jua likipanda juu, vibonyeo vingi hupotea machoni. Mwenye ndege akikagua saa sita mchana atajidanganya kwa nia njema kabisa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mwenye ndege yeyote alishike kabla hajagusa simu. Siku hiyo maswali ni mawili, na wanaoyajibu ni watu wawili tofauti. Je, ndege inafaa kuruka? Na je, nani analipa? Swali la kwanza ni la fundi mwenye leseni na la mwenye ndege mwenyewe. Kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zinamtaja mwenye ndege kuwa wa kwanza kuwajibika kwa uzima wa ndege yake. Swali la pili ni la kampuni ya bima. Mtu wa bima akikuambia "hapa naona pako sawa", hajakupa ruhusa ya kuruka. Fundi akikuambia "hii haifai", hajakuahidi hundi. Karibu kila ugomvi nilioushuhudia kiwanjani baada ya dhoruba ile ulitokana na mtu kulipeleka swali moja kwa mwenye jibu la lingine.

Mwenzangu alihofia kwamba tungetakiwa kuandikisha ajali kwa NTSB, bodi ya uchunguzi wa ajali. Hapana. Kwa kanuni za bodi hiyo, ajali ya ndege ni ile inayotokea tangu mtu apande akiwa na nia ya kuruka hadi wote watakapokuwa wameshuka. Ndege iliyofungwa kamba bila mtu ndani haimo humo. Tulichotakiwa kufanya ni kumpigia dalali wetu wa bima, mama mmoja mwenye sauti kavu anayejua kazi yake. Bima ya ndege ndogo huku kwa kawaida hupitia kwa madalali wa namna hiyo, kwa sababu kampuni zinazokubali kubeba hatari ya ndege si nyingi. Alisema mambo matatu bila kupumua: pigeni picha sasa hivi, zibeni mahali panapoingiza maji, na msitengeneze chochote cha kudumu mpaka mkadiria hasara wa kampuni aone.

Hilo la kuziba si ushauri wa hisani. Mkataba unamtaka mwenye mali aikinge isiharibike zaidi, na mvua ikiingia kupitia ufa wa kioo ikaharibu redio wiki moja baadaye, kampuni ina haki ya kukuuliza ulikuwa wapi. Tuliweka turubai na utepe wa gundi, tukatunza risiti. Mmoja wa majirani zetu pale alikuwa ameokota mawe yenyewe, akayapima kwa rula na kuyaweka kwenye friza. Nilicheka. Baadaye niliona mkadiria hasara akiyaandika yale mawe kwenye fomu yake kwa uzito wote.

Mkadiria huyo alichelewa, kwa kuwa dhoruba ilikuwa imepiga viwanja kadhaa na watu wa kazi hiyo wanaoielewa ndege ni wachache. Alikuja na kalamu ya nta, akachora mraba juu ya bati, akahesabu vibonyeo ndani yake, akasogea mraba wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Ila swali lake la kwanza lilikuwa: "Vipi kati ya hivi ni vya zamani?"

Hapo ndipo wengi hukwama. Ndege ya miaka ya 1970 iliyolala nje Texas maisha yake yote haiwezi kudai kwamba haikuwahi kuguswa. Kama ina vibonyeo vya dhoruba ya mwenye ndege wa zamani, bima haivilipi, na mzigo wa kuvitenganisha unakuangukia wewe. Kilichotuokoa ni picha. Ndege ilikuwa imepakwa rangi miaka michache nyuma, na mpakaji rangi alipiga picha za kila upande ili ajitangaze kwa wateja wengine, tukamwomba nakala. Tulikuwa pia na picha alizopiga fundi wakati wa ukaguzi wa mwaka, ule ambao sheria inautaka kila baada ya miezi 12. Mkadiria alizilinganisha, akafuta vibonyeo vichache vya mkiani ambavyo kweli vilikuwepo, akakubali vilivyobaki. Tangu hapo kila mwaka kabla ya Machi napanda ngazi alfajiri na tochi na simu. Mwenzangu ananiona kama nimerukwa na akili.

Sasa nije kwenye kiini cha mambo, ambacho kilikuwa kimeshaamuliwa zamani, kabla hata wingu halijakusanyika.

Bima ya gari hukulipa kwa kuangalia bei ya soko ya gari siku ya hasara. Bima ya ndege ndogo ya mtu binafsi, kwa kawaida, huangalia thamani mliyokubaliana siku ya kusaini. Mkisema dola 70,000, ni 70,000, soko lipande au lishuke. Kwa masikio ya mtu aliyezoea kubishana na bima ya gari, hilo ni jambo zuri mno. Lina makali pande zote mbili.

Jirani yetu wa maegesho, mzee mstaafu, alikuwa na Piper Cherokee aliyoikatia bima ya dola 45,000. Aliandika hivyo miaka mingi nyuma, na kila ilipofika siku ya kuhuisha alisaini bila kubadilisha, kwa sababu thamani ikiwa ndogo ada nayo huwa ndogo. Wakati huohuo bei za ndege zilizotumika zilikuwa zimepanda sana tangu 2020. Ndege kama yake, nzima, ilikuwa ikitafutwa kwa karibu mara mbili ya hapo. Makadirio ya matengenezo yakaja dola 38,000. Mzee akashusha pumzi: 38,000 ni chini ya 45,000, basi watatengeneza.

Hawakutengeneza. Fuatilia hesabu kwa upande wa kampuni. Ikitengeneza, inatoa 38,000 na hairudishiwi kitu. Ikilipa thamani yote, inatoa 45,000, lakini ndege inakuwa mali yake, na ndege yenye vibonyeo katika soko lile ilikuwa na wanunuzi wa 25,000 bila shida. Hasara halisi ya kampuni ni 20,000. Ipi utaichagua kama fedha ni zako? Wakamwandikia hundi ya 45,000, kamili, bila ubishi, haraka kuliko sisi sote. Wakaja na lori kuichukua ndege yake.

Mzee aliomba wampe hizo 38,000 abaki na ndege. Wakamwambia anaweza kushindana na wanunuzi wengine wa mabaki. Alikasirika, akasema ameibiwa, na watu wengi pale kiwanjani walimuunga mkono. Mimi sikuweza. Kampuni ilitenda sawasawa na karatasi yake, tena kwa bei aliyoitaja yeye. Lakini nilimwonea huruma, maana kwa 45,000 hakupata ndege nyingine ya hali ile popote.

Sisi tulikuwa tumepandisha thamani mwaka uliotangulia kwa sababu dalali wetu alitusumbua. Alituuliza swali moja tu: "Ndege hii ikipotea leo, mtanunua nyingine kama hii kwa shilingi ngapi?" (Alisema dola, lakini mwenzangu husimulia kwa shilingi ili ichekeshe.) Tulinung'unika kuhusu nyongeza ya ada. Nyongeza hiyo ndiyo iliyofanya hesabu ya kampuni igeuke: kwa thamani yetu mpya, kutengeneza kulikuwa rahisi kwao kuliko kutulipa na kuuza mabaki. Na usidhani basi kwamba ukiandika thamani kubwa kupita kiasi umejikinga. Utalipa ada ya bure, na siku ndege kuukuu itakapoharibika vibaya, kampuni itaendelea kuitia viraka badala ya kukulipa uachane nayo.

Kutoka hapo ubishi ulihamia kwenye eleveta. Makadirio ya kwanza yalitaka zile za kwetu zijazwe kwa lipu, zipigwe msasa, zipakwe rangi. Kwa mlango wa gari ni kazi ya kawaida. Kwa eleveta ya ndege ni hatari, na fundi wetu alipoyasoma aliyarudisha bila neno. Vipande hivi vina bati jembamba mno na vimesawazishwa uzito kwenye bawaba zake. Ukiongeza uzito nyuma ya bawaba, hata wa lipu na rangi, unaweza kuharibu uwiano huo, na kwa mwendo mkubwa kipande kikaanza kutetema kwa nguvu kiasi cha kung'oka. Ndiyo maana kila kikitengenezwa au kupakwa rangi lazima kipimwe upya.

Mwenzangu alitaka tupige simu tugombe. Fundi akasema hapana, akatoa nakala ya kurasa za kitabu cha matengenezo cha kiwanda zinazohusu vipande hivyo, akapigia mstari, akaandika barua fupi kwamba hatatia saini kazi ya lipu hapo. Tukaituma kwa dalali, dalali akaituma kwa mkadiria. Makadirio mapya yalikuja yakiwa na eleveta mbili za kubadilishwa. Mkadiria hana mamlaka ya kumlazimisha fundi aweke saini yake mahali asipopaamini, naye anajua hivyo. Anachohitaji ni karatasi ya kumwonyesha bosi wake. Jibu la swali la kwanza, likishaandikwa vizuri na mtu anayestahili kuliandika, hulisukuma lile la pili. Kupaza sauti hakusaidii.

Siku hizohizo walitokea vijana wenye mahema na vifaa vya kunyoosha magari yaliyopigwa na mawe. Huifuata dhoruba mji hadi mji. Mmoja alikuja hadi kwenye maegesho ya ndege akatuambia angenyoosha bawa zima bila kugusa rangi, kwa bei ya kuchekesha. Bati la ndege likishabonyea limevutika. Ukilisukuma lirudi, mara nyingi halikai, linabaki limelegea, na ukilibonyeza kwa kidole linatoa sauti kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Zaidi ya hayo, kijana yule hana leseni ya kuandika kazi yake kwenye daftari la ndege, na kazi isiyoandikwa na mwenye leseni inaiacha ndege yako bila uhalali wa kuruka. Wapo watu wenye ujuzi wa kunyoosha bati la ndege chini ya usimamizi wa fundi. Hawatembei na mahema.

Karakana inayojua kazi ya bati haikuwa kwenye kiwanja chetu. Ndege isiyo katika hali inayokubalika kisheria huwezi kuirusha tu, hata kwa safari ya nusu saa; unaomba FAA kibali maalumu cha safari moja, na fundi anaandika kwamba kwa safari hiyo ndege ni salama. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba mikataba mingi ya bima ina sharti kuwa cheti cha ubora wa ndege kiwe hai wakati wa kuruka. Ukiruka kwa kibali maalumu bila kampuni kukubali kwanza kwa maandishi, unaweza kuwa huna bima kabisa angani. Dalali alitupatia barua pepe ya kukubali kwa siku mbili za kazi. Fundi aliweka masharti yake: mchana, hali ya hewa safi, mwendo usiopita kiasi alichokitaja. Mwenzangu alikuwa ameshavaa miwani ya jua akangoja nje ya ndege. Kibali kilikuwa cha rubani peke yake.

Kisha hundi. Kumbuka benki. Jina la benki lilikuwa kwenye hati ya bima, kwa hiyo hundi iliandikwa kwa majina yetu na la benki pamoja, na isingeweza kuwekwa popote bila saini yao. Benki haijui ndege. Ilitaka ankara za karakana. Karakana nayo ilitaka malipo ya awali ndipo iagize eleveta. Tukazunguka hapo kwa muda, na ni sehemu ya habari hii ambayo sina hekima yoyote ya kuitoa zaidi ya kwamba ukikopa, mpigie mtu wa benki siku ileile unayompigia dalali.

Vibonyeo vya juu ya mabawa ndivyo vilivyotuletea uamuzi mgumu zaidi. Fundi alikagua ndani kupitia milango ya ukaguzi: mbavu nzima, ribiti zinazoshikilia bati hazijalegea, mhimili haujaguswa, ncha ya mbele ya bawa ambako hewa hugawanyika haina kibonyeo cha kuzidi kiasi. Kwa kulinganisha na kitabu, vilivyobaki vilikuwa vya kuchukiza macho tu. Tungeweza kudai mabati mapya, kazi ya miezi. Tungeweza pia kukubali fedha badala ya kazi hiyo, tukabaki na bawa lenye ndui. Kampuni ilikubali njia zote mbili, na ikatutahadharisha kwamba tukichukua fedha, vibonyeo hivyo vitaandikwa kwenye mkataba unaofuata kuwa haviwahusu tena.

Tulichukua fedha. Tukabadilisha eleveta, kioo cha nyuma na ncha za mabawa, tukapunguza deni la benki kwa zilizobaki. Mtu mwingine angefanya kinyume na nisingemlaumu, hasa kama ana mpango wa kuuza karibuni, kwa maana mnunuzi atapanda ngazi. Na hapo pana hasara ambayo hakuna aliyetulipa: ndege yenye historia ya mawe kwenye madaftari yake ina bei ndogo hata ikiwa imetengenezwa vizuri, na mikataba ya aina yetu haifidii upungufu huo. Haifidii pia muda ambao huruki. Miezi yote ile tulilipa benki, maegesho na ada ya bima ya ndege iliyokaa karakanani. Kwenye ada tu ndipo tulipopata nafuu: dalali aliibadilisha bima kwa kipindi hicho ikawa ya ndege iliyosimama ardhini, ambayo ni rahisi kuliko ya ndege inayoruka.

Rafiki yangu anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aliniuliza kama haya yana maana yoyote kwao. Yana maana, kwa sababu bima nyingi za ndege Afrika Mashariki hatimaye hubebwa na soko la London, na mkataba wa kawaida wa London, ule wenye namba AVN 1C, unaipa kampuni hiari ya kulipa, kubadilisha au kutengeneza. Thamani ya kukubaliana huingizwa kwa kifungu cha ziada, AVN 61. Nilimwambia aangalie kama kipo kwenye hati yao. Alikwenda kuangalia, na hakunipigia tena wiki ile.

Kwetu, bima ilipohuishwa ilikuja na sharti jipya: ndege ikipigwa na upepo au mawe ikiwa nje, sehemu ya hasara ni yetu, ikiwa ndani ya hanga, hatuchangii kitu. Tukasaini, kwa kuwa kampuni nyingine aliyoiuliza dalali ilitaka sehemu kubwa zaidi.

Yule mzee naye alipata Cherokee nyingine, iliyochoka kidogo kuliko ya kwanza. Siku ya kukata bima alikuja kukaa nasi. Tulifungua matangazo ya ndege za umri ule zinazouzwa Texas na Oklahoma, tukatupa zile za bei za ndoto, tukaongeza gharama ya redio na GPS aliyokuwa amefunga. Namba iliyotoka ilimfanya akune kichwa, na ada ikapanda. Alilipa.